Daraja la Nne ni Kusukuma

Harufu ya tairi jipya ndiyo iliyonisimamisha. Nilikuwa napita Nakwa na kapu la mbaazi mbichi kichwani, nikaona baiskeli zimepangwa pembeni ya njia kama mbuzi wa mnadani, zote nene za magurudumu, na harufu ya mpira ambao haujakanyaga chochote ikanijia puani. Wa rika langu mnaijua harufu hiyo. Kuna miaka katika nchi hii ambayo mtu angeweza kuifuata kwa miguu kutoka Babati mpaka Bonga, akafika anahema, akakuta tairi lenyewe limeshachukuliwa na mkubwa fulani.

Mbele ya baiskeli kulikuwa na kibao cha rangi tatu. Kijani, njia ya wanaoanza. Bluu, njia ya wenye uzoefu. Nyekundu, mabingwa tu. Mishale ilionyesha ya kijani ikipita kandokando ya ziwa, ya bluu ikikata mashamba kwenda upande wa Maisaka, na nyekundu ikipanda kwenye korongo. Kijana aliyevaa kofia ngumu yenye matundu alinisalimia vizuri, shikamoo mama, kisha akanionya.

"Usipande na hiyo nyekundu, mama. Hiyo ni ya mabingwa, utateleza. Pita hii ya kijani ni salama."

Njia ya viboko wa ziwani ndiyo salama! Nikamwitikia marahaba, nikaweka kapu langu sawa, nikapanda na nyekundu kwa ndala, kwa sababu huko ndiko nilikokuwa naenda. Sikumwambia kwamba njia zake zilishapangwa madaraja kabla yeye hajazaliwa, wala kwamba aliyezipanga alikuwa mtu wa hovyo kuliko yeye. Huyu kijana angalau anajua kuendesha.

Utoto wangu ulikuwa wakati ule ambapo dukani mlikuwa na rafu, mwenye duka na vumbi. Sukari ilikuwa habari tu: mtu alisikia imefika mahali, watu wakakimbia, wakarudi na habari nyingine. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Ugali ulikuwa wa unga wa njano, na mama aliusonga huku ameugeuzia uso pembeni kana kwamba sufuria imemtukana. Barabara kuu ilikuwa na kizuizi, na kwenye kizuizi gunia lako la mahindi liliulizwa maswali mengi mpaka likachoka na kubaki hukohuko. Ndiyo maana kila mwenye baiskeli alikuwa na njia zake za porini. Hakuna aliyeendesha porini kwa kujifurahisha. Mtu mzima angekuambia kwamba anapanda baiskeli korongoni ili atoke jasho, ungemshika mkono umpeleke kwao.

Baba alikuwa na baiskeli kuukuu nyeusi. Gurudumu la mbele lilikuwa zima. La nyuma lilikuwa huzuni. Tyubu yake ilishakufa zamani, viraka vikiwa vingi kuliko mpira, na baba akaamua kulijaza tairi nyasi kavu na matambara, akalishindilia kwa mpini wa jembe, kisha akalishona kwa uzi wa katani pale lilipochanika. Baiskeli ikaenda. Ilikwenda kama ng'ombe mwenye kwato mbovu, lakini ilikwenda. Nyasi zilichungulia kwenye mishono, na mbuzi wa jirani waliifuata njiani wakidhani ni chakula kimepita.

Baiskeli hiyo ilikuwa miguu ya mdogo wangu Daudi. Mguu wake wa kushoto ulikauka tangu homa ya uchanga, na shule ilikuwa mjini, mbali kwa mtoto anayetembelea fimbo. Kila asubuhi baba alimpandisha kwenye keria, akaendesha kandokando ya ziwa mpaka shuleni, akageuza kuwahi shamba. Mimi nilikimbia nyuma na madaftari ya wote wawili. Daudi alikuwa na mdomo wa watu wawili, wake na wangu. Mimi nilikuwa mtoto wa haya kiasi kwamba nilipoitwa jina darasani niliinama chini ya dawati kuangalia kama kuna mwingine. Wageni walidhani mimi ndiye mgonjwa.

Halafu spoki za nyuma zikaanza kukatika. Fundi wa baiskeli wa pale mjini alilizungusha gurudumu, akasikiliza linavyogonga, akamwambia baba, "Ukipakia watu wawili tena kwenye hizi nyasi, rimu inakunjika. Ikikunjika usiniletee. Rimu siumbi mimi." Daudi akabaki nyumbani. Alikaa kizingitini na kitabu chake kisicho na jalada, akisoma kwa sauti kubwa kurasa ambazo alishazijua, na kila mtu aliyepita alimuuliza kwa nini hayuko shuleni.

"Namsubiri dereva wangu," alijibu.

Wakati huohuo ndipo ikasikika kwamba yamekuja matairi ya baiskeli, na kwamba mtaa wetu umepewa moja. Moja tu. Lilikuwa limezungushiwa karatasi ya kahawia, na Mwenyekiti wa kamati ya ugawaji alilitundika ukutani ofisini kwake, juu kabisa, pale ambapo watu wengine huweka saa. Baba alinipeleka kulitazama. Kwa kweli hatukwenda kulitazama, tulikwenda kuuliza, lakini baba aliishia kutazama. Harufu yake ilijaa chumba chote.

Sasa niwaeleze kuhusu Mwenyekiti, na nitajaribu kuwa mpole, ingawa sioni sababu.

Alikuwa mtu mnene katika miaka ambayo hatukuwa na watu wanene. Alikuwa na baiskeli mpya aliyoipata kwa njia ambazo wakubwa walipata vitu: nyeusi inayong'aa, yenye dainamo, kengele mbili, vioo viwili vya pembeni, na kiti ambacho hakikuwahi kuvuliwa nailoni yake. Suruali yake aliibana mguu mmoja kwa kibanio cha chuma, tayari kwa safari. Na kila siku, asubuhi na jioni, aliisukuma. Mkono mmoja kwenye kiti, mwingine umeshika redio, anatembea taratibu, baiskeli inamfuata bila hata kuyumba. Hakuna mtu aliyewahi kumwona juu yake. Akiulizwa alisema, "Nanyoosha miguu kidogo." Miguu hiyo ilinyooshwa miaka.

Watu wazima walikuwa wanajua. Sasa najua kwamba walikuwa wanajua. Lakini Mwenyekiti ndiye aliyegawa sukari siku sukari ilipokuwepo, na ndiye aliyejua gunia la nani limepita njia gani usiku wa kuamkia jana. Kwa hiyo watu wazima, wenye ndevu, wenye wake na mashamba, walimwona akisukuma na wakasema, "Safari njema, Mwenyekiti."

Mimi niliona kitu kingine. Nilimwona kila siku, na nilifikiri kwa bidii, kama wanavyofikiri watoto wasiouliza. Shuleni, wa darasa la kwanza ndio waliokimbia kuchota maji. Wa darasa la saba walitembea. Mwalimu mkuu hakuchota kabisa, alisimama. Kanisani, watoto walibeba mishumaa na padri hakubeba kitu. Nikahitimisha kwamba kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo anavyoacha kufanya ile kazi yenyewe. Basi na baiskeli ni hivyohivyo. Anayejifunza huendesha njia rahisi. Akiiva huendesha ngumu. Akishaiva kupita wote, hana haja ya kupanda tena. Anasukuma.

Kwa akili hiyo nilimheshimu Mwenyekiti kuliko watu wote wa Babati. Na kwa akili hiyohiyo nilianza mazoezi. Baba akiwa shamba, niliitoa ile baiskeli ya nyasi, nikaweka mkono mmoja kwenye kiti, nikaizungusha uwanjani. Mwanzoni iliniangukia. Baadaye nikajua kuiegemeza nyongani, nikajua kuigeuza kwa kiti bila kugusa usukani, nikajua kuishika kwenye mteremko kwa kukaza mwili. Daudi alikuwa kizingitini ananitazama.

"Unafanya nini?"

Sikujibu.

"Unaitembeza ikanywe maji?"

Sikujibu hilo pia. Mambo ya daraja la juu hayaelezwi kwa watu walioko chini.

Siku ya kugawa tairi, Mwenyekiti aliita mkutano juu ya korongo. Watu walikuja wengi kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kutazama. Alikuja akisukuma, tairi likiwa limening'inizwa kwenye usukani wake ndani ya karatasi yake, akasimama pale ambapo njia inainama kwenda chini, yenye mawe makubwa, mizizi na mchanga wa kuteleza.

"Ndugu wananchi," alisema, "tairi hili ni mali ya taifa. Haliwezi kwenda kwa mtu asiyejua kuendesha, likaharibika bure. Kamati imekaa, na imezipanga njia zetu katika madaraja. Njia ya ziwani ni daraja la kwanza, hiyo ni ya akina mama na watoto. Njia ya mashambani ni daraja la pili. Na hii hapa ni daraja la tatu. Atakayeshuka hapa bila kuweka mguu chini ndiye mwenye tairi."

Kamati iliyokaa ilikuwa yeye na mzee mmoja tuliyemwita Karani, ambaye kazi yake ilikuwa kusema kweli kabisa. Karani akasema, "Kweli kabisa."

Ngoja niliseme, ingawa nyote mmeshaliona. Mwenye tairi zima angeweza kushuka korongo lile, na hakuhitaji tairi. Mwenye kuhitaji tairi hakuwa na kitu cha kushukia. Mtoto wa darasa la pili angeligundua. Watu wazima wote waliokuwepo waligundua, nao wakatikisa vichwa kwa makini kama watu wanaosikia hekima.

Aliyekuwa anaijua njia ile kuliko wote ni Hamisi, muuza samaki, ambaye aliishuka kila siku na tenga la kambale nyuma, anapiga miluzi. Mwenyekiti akamwita kwanza.

"Mimi tairi ninalo, Mwenyekiti," Hamisi akasema. "Nimekuja kuangalia watu wanavyovunjika."

Watu wakacheka. Akaingia mtu mmoja na baiskeli isiyo na breki, akafika jiwe la kwanza akaruka upande wake na baiskeli ikaruka upande wake. Akaingia mwingine, akaweka mguu chini, akaapa kwamba hakuweka. Kisha ikafika zamu ya baba.

Baba alivua kofia. Alikuwa mtu wa kuvua kofia.

"Mwenyekiti, naomba unielewe. Baiskeli yangu nyuma ina nyasi. Nikiingia hapa, rimu inaisha palepale. Naomba nipimwe kwa njia ya ziwani. Nilikuwa naipita kila siku, na mtoto nyuma. Alfajiri, na viboko njiani."

"Baba Daudi, hiyo ni daraja la kwanza."

"Ni daraja la kwanza mpaka ukutane na kiboko," Hamisi akasema.

"Hiyo ni ya akina mama na watoto!" Mwenyekiti akapandisha sauti. "Tairi la taifa haliwezi kushindaniwa kwa daraja la kwanza."

"Basi niazime baiskeli ya Hamisi nishukie," baba akasema.

"Tairi ni la baiskeli, si la mtu. Baiskeli yako ndiyo inayopimwa."

Karani akasema kweli kabisa. Baba akavaa kofia yake, akaivua tena. Mpaka leo nikimkumbuka baba namkumbuka hivyo, na hiyo ni sababu moja ya kwa nini sijaweza kuwa mpole.

Daudi alikuwa amekaa kwenye keria, mguu wake mkavu umening'inia, fimbo mapajani. Tulikuwa tumemleta ili Mwenyekiti amwone, kwa maana baba bado aliamini kwamba watu wakiona wanaelewa.

"Mwenyekiti," Daudi akasema, "si utuonyeshe wewe kwanza? Ili tujue daraja la tatu linaendeshwaje."

Kisha Hamisi, ambaye hakuwa na haja ya sukari kwa sababu aliinunua wapi sijui, akasema taratibu, "Mtoto kasema vizuri. Utupe mfano, Mwenyekiti. Baiskeli unayo, kibanio umeshavaa."

Mwenyekiti akakohoa. Akatazama korongo, akatazama watu, akatafuta uso mmoja pale wa kumpa heshima, na akaupata. Ulikuwa wangu. Nilikuwa nimesimama nimemshikia Daudi baiskeli, namtazama Mwenyekiti kama sanamu ya altareni.

"Watoto wa siku hizi hawana adabu," akasema. "Lakini huyu dada yake anayo. Njoo, binti. Mwambie mdogo wako mimi ni nani."

Watu wote wakanigeukia. Masikio yalinivuma. Lakini ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuulizwa swali ambalo jibu lake nilikuwa nimelifanyia kazi, na jibu likatoka, jembamba lakini la wazi.

"Mwenyekiti amemaliza madaraja yote. Yeye hapandi. Yeye anasukuma tu."

Nilikuwa nasifu. Naomba mnielewe: nilikuwa namsifu kwa moyo wangu wote.

Hamisi ndiye aliyeanza. Alicheka akakaa chini. Kisha akina mama, kisha wote, wakashikana mabega, mmoja akilia, "Anasukuma tu! Amemaliza yote, anasukuma tu!" Sikuelewa. Nilidhani wanafurahia ukweli. Nikatabasamu, nikatazama huku na huku, na tabasamu langu likawaongezea kicheko. Hata midomo ya baba ilicheza.

Uso wa Mwenyekiti uligeuka rangi ya ini. Akangoja. Alijua kitu ambacho mimi nilikuwa bado sijakijua juu ya watu wazima, kwamba kicheko chao huwa kifupi. Aliinama polepole, akaliminya tairi lake la nyuma kwa vidole viwili.

"Ningeshuka," akasema. "Ningeshuka mkashangaa. Lakini hili limepasuka. Karani, hebu njoo."

Karani akaja. Akaliminya. Tairi lile lilikuwa gumu kama jiwe. Niliona kidole gumba chake kikibonyea chenyewe badala ya kubonyeza.

"Kweli kabisa," akasema. "Halina upepo."

Mwenyekiti akawatazama watu mmoja mmoja. "Kuna anayebisha? Aje aminye."

Hakuna aliyekwenda. Wale waliokuwa wakilia kwa kicheko waliangalia vidole vya miguu yao. Mama mmoja, machozi ya kicheko bado mashavuni, akasema, "Pole, Mwenyekiti." Mwingine akasema njia ile ina miiba kweli. Hamisi peke yake alitema mate pembeni, lakini naye hakwenda kuminya. Mtaa mzima wa watu wazima ulisimama pale ukiombolezea tairi zima.

Na sasa sikilizeni uongo unavyojilisha. Kwa kuwa tairi la Mwenyekiti limepasuka mbele ya mashahidi, na kwa kuwa Mwenyekiti ni mtu wa kuzunguka kwa kazi za wananchi, na kwa kuwa hakuna aliyefuzu daraja la tatu, kamati ilikaa palepale bila kukaa, ikamkabidhi Mwenyekiti tairi. Watu walipiga makofi. Akalivaa begani kama ng'ombe aliyeshinda maonyesho anavyovaa shada, akaondoka. Akisukuma.

Njiani kurudi, Daudi ndiye aliyenieleza, kutoka juu ya keria, bila haraka.

"Wewe ulikuwa unasema kweli pale?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Ulidhani anasukuma kwa sababu ni bingwa?"

Nikatikisa tena.

"Dada. Hajui kuendesha. Hajawahi kujua. Akipanda anaanguka."

Nilisimama. Nilimtazama baba ili akanushe, na baba akaangalia ziwa. Hapo nikapata kitu ambacho sikuwa nimewahi kuwa nacho. Ilikuwa dharau. Nilikuwa mtoto aliyeogopa kila mtu, na ghafla nikawa na mtu wa kumdharau, na nyuma yake foleni ndefu ya waliompigia makofi. Ilikuwa tamu kuliko sukari, ambayo hata hivyo haikuwepo.

Asubuhi iliyofuata ya shule, kabla jua halijatoka, niliitoa baiskeli uani. Mama alikuwa jikoni anapuliza moto.

"Unakwenda wapi na baiskeli ya baba yako?"

"Shule."

"Na nani?"

Daudi alishatoka, amevaa kaptula yenye viraka, fimbo kwapani. "Na mimi, mama. Dereva amekuja."

"Atakuangusha ziwani huyo!"

Baba alitoka, akanitazama nilivyoweka mkono mmoja kwenye kiti na mwingine kwenye usukani, baiskeli nimeiegemeza nyongani, haiyumbi. Alijua mzigo unavyoshikwa. Alimnyanyua Daudi mwenyewe, akamweka kwenye keria. "Mtu mmoja juu, na wa chini anatembea," akasema, kama anajiambia. "Rimu itavumilia." Kisha akampa Daudi kopo tupu na kijiti. "Piga mpaka mvuke matete."

Yule kijana wa kibao cha rangi hawezi kuijua njia ya viboko hata akiipaka rangi zote. Kiboko ana tumbo pana na miguu iliyoachana, na akipita mahali pamoja kila siku anachimba mifereji miwili yenye tuta katikati. Gurudumu niliweka kwenye mfereji mmoja, mimi nikatembea kwenye mwingine. Wakati ule wa alfajiri wao ndio wanaorudi majini kutoka malishoni. Ulisikia matete yakivunjika, ukasikia pumzi nzito kama mtu anayefungua mlango wa ghala, na harufu ya matope na mavi mabichi. Daudi alipiga kopo na kukariri jedwali la kuzidisha la saba kwa sauti kubwa, maana ndilo lililomsumbua. Mimi nilisukuma. Nyasi zilikandamizwa chini ya uzito wake zikalia kwekwe, kwekwe, spoki zikagonga, mgongo ukaniwaka moto. Nikikuta mawe niliinua nyuma kwa mkono. Mara mbili tatu tuliona mgongo mkubwa unaong'aa ukivuka mbele yetu, nasi tukasimama, Daudi akanyamaza hata na jedwali lake, mpaka maji yakasikika yakimpokea.

Tulifika tumechelewa. Tulifika siku zote tumechelewa, na tulifika siku zote.

Na kila asubuhi, pale njia inapotoka ziwani na kuingia mjini, tulikutana na Mwenyekiti akielekea ofisini. Tairi jipya alikuwa amelifunga nyuma, vinyweleo vya mpira bado vimesimama kwa kuwa halikubebeshwa kitu. Mkono mmoja kwenye kiti, redio mkononi. Siku ya kwanza alitutazama kwa ukali. Daudi, juu ya keria, akanyoosha mgongo.

"Shikamoo, Mwenyekiti!" akapaza sauti. "Na sisi tunasukuma!"

Mtoto akikupa shikamoo utafanya nini? Huwezi kukataa mbele za watu. Kulikuwa na mama wa vitumbua, kulikuwa na wanafunzi, kulikuwa na Hamisi na matenga yake. Mwenyekiti akafungua mdomo kwa shida.

"Marahaba."

Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Alijaribu kutoka mapema, akakuta na sisi tumetoka mapema kwa sababu ya viboko. Alijaribu kuchelewa, akamkuta Daudi ameniomba tupumzike palepale kidogo, anakula kiazi. Mama wa vitumbua alikuwa akitusubiri ili acheke upande wa ndani wa khanga yake. Daima ndani ya khanga. Hata kicheko walikificha, watu wale, na miaka baadaye kila mmoja wao aliniambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa karibu kabisa kwenda kuliminya lile tairi.

Hatukupata tairi. Nyasi tulibadilisha baba alipopata nafasi, na zilizotoka zilikuwa zimesagika kama ugoro. Nilisukuma mpaka mimi nikamaliza darasa la saba, na baada ya kumaliza nikaendelea kusukuma, kwa kuwa Daudi alikuwa bado. Nilikuwa nampeleka, nakwenda shamba, narudi kumchukua. Kwa hiyo njia ile nimeipita zaidi ya mtu yeyote wa kofia ngumu, na sijawahi kuipita nimekaa. Kuendesha sijui mpaka leo.

Siku ya mtihani wake wa mwisho Daudi alikuwa kimya kuliko nilivyowahi kumwona. Aliogopa hesabu. Kopo alilisahau mapajani, nikawa napiga kelele mimi mwenyewe njia nzima, mimi, nikiwaimbia viboko jedwali la saba. Tulipotokea mjini penye vitumbua, Mwenyekiti akaja na baiskeli yake, mzee kidogo, mnene bado, nailoni ya kiti imeanza kuwa ya njano. Alimtazama Daudi, akajiandaa. Daudi hakusema kitu. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Nikaona uso wa Mwenyekiti ukilegea, nikaona anapita, anafikiri leo amepona.

Nilisimamisha baiskeli. Mama wa vitumbua aliinua macho kutoka kwenye kikaango.

"Shikamoo, Mwenyekiti," nikasema, na sauti haikuwa nyembamba tena. "Bado tunasukuma."

Alisimama. Alitafuta pa kutazama, na hakukuwa na mahali ila kwenye tairi langu la nyuma, na nyasi zake zinavyochungulia.

"Marahaba," akasema.

Nikaweka mkono kwenye kiti, nikampeleka Daudi kwenye mtihani.